Ushuhuda wa Mkimbiaji wa Kwanza

Refa anaponyoosha mikono yote miwili kuelekea goli letu, wenzetu sita hugeuka na kukimbia hadi nyuma ya mstari wa kati. Tunabaki watano: kipa na wachezaji wanne. Kwenye meza ya maofisa saa inaanza kuhesabu sekunde 40. Ndani ya muda huo tunavaa barakoa za plastiki ngumu, glavu nene na vikinga magoti, tunakumbushana nani anasimama wapi, kisha tunajipanga nyuma ya mstari wa goli, miguu na magongo vyote vikiwa nje ya uwanja. Mimi ndiye mkimbiaji wa kwanza. Mpira ukisukumwa tu, natoka mbio moja kwa moja kumwendea mtu anayetaka kuupiga.

Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mingi katika mashindano ambayo wengi wenu hamjapata kuyasikia: raundi za mwanzo za kufuzu, michuano ya kanda, Kombe la Afrika la mpira wa magongo. Ni ngazi ya chini katika hoki ya kimataifa ya wanaume. Watazamaji ni jamaa za wachezaji, wanafunzi wa shule za jirani na wazee wachache waliowahi kuucheza mchezo huu. Tukifungwa, habari zetu hupata mistari michache gazetini, na watu wakiisoma husema vijana hawana moyo, au kwamba vipaji vya zamani vimekwisha. Nimesimama mbele ya goli hilo. Kinachotushinda nakijua, na kinapimwa kwa sekunde.

Kwa msomaji ambaye hajauzoea mchezo huu, niieleze kwanza penalti kona, maana ndiyo inayoamua mechi nyingi za ngazi yetu. Mbele ya kila goli kuna nusu duara kubwa tunayoiita D, ambayo upeo wake uko mita 14.63 kutoka golini. Bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya D hiyo. Beki akifanya kosa humo, au akifanya kosa la makusudi ndani ya eneo la mita 23, timu pinzani inapewa penalti kona. Mshambuliaji mmoja huuweka mpira kwenye mstari wa nyuma, mita 10 kutoka kwenye mlingoti wa goli, akausukuma kwa wenzake wanaongoja nje ya D. Mmoja anautuliza, mwingine anapiga. Sharti mpira uwe umetoka nje ya D kabla ya pigo la goli.

Hapo ndipo pana ufundi wenyewe. Mpigaji akiupiga kwa nguvu kwa gongo, pigo hilo la kwanza haliruhusiwi kuvuka mstari wa goli likiwa juu ya sentimita 46, ambazo ni kimo cha ubao wa chini wa goli. Lakini akiuburuza mpira kwenye gongo kisha akaurusha, hana kikomo cha kimo. Anaweza kuutuma kwenye pembe ya juu kabisa ya wavu. Warushaji hodari duniani huutuma kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, na mpira wenyewe una uzito wa gramu 160 hivi na ugumu wa jiwe. Ndiyo maana tunavaa barakoa.

Watu hudhani mkimbiaji wa kwanza anatoka ili kuuzuia mpira kwa mwili. Sivyo. Mimi na kipa tuna mapatano. Mimi naufunga upande mmoja wa goli kwa njia ninayoikimbia na kwa gongo langu lililo chini, yeye anabaki na upande mwingine. Nikifika mapema, mrushaji anauona upande mmoja tu wa goli, na upande huo kipa ameshausimamia. Nikichelewa hatua mbili, goli zima liko wazi, na kipa wangu hajui aende wapi. Sheria nayo ina ukali wake kwa mtu anayekimbia. Nikiwa ndani ya mita tano za mpigaji na mpira ukanigonga chini ya goti, wanapewa penalti kona nyingine. Ukinigonga gotini au juu yake nikiwa nimesimama kwa kawaida, pigo linahesabiwa kuwa la hatari na mpira unakuwa wetu. Kwa hiyo kukimbia kwa ujasiri hakutoshi, lazima ujue utakuwa wapi mpira utakapoondoka kwenye gongo la yule mtu.

Na kujua huko kunatoka kwenye mazoezi ya aina moja tu: kurudia tendo lile lile mara nyingi, kwenye uwanja unaofanana na ule utakaochezea.

Mimi nilijifunza magongo katika shule ya Magharibi ya Kenya, kwenye uwanja wa nyasi za kawaida uliokuwa na mteremko kuelekea mtoni. Eneo hilo limetoa wachezaji wengi wa taifa. Shule kama Friends Kamusinga ya Bungoma na Musingu ya Kakamega zimekuwa na majina makubwa katika hoki ya shule kwa vizazi. Kwenye nyasi mpira unarukaruka. Unajifunza kulishika gongo kwa ulaini, kuusoma mruko, kusubiri. Mchezaji aliyetoka kwenye nyasi ana mikono mizuri, na hilo nitalisema mbele ya kocha yeyote wa Ulaya.

Baadaye, nilipohamia Nairobi na kuingia klabu, nilikanyaga nyasi bandia kwa mara ya kwanza. Lakini nyasi bandia zina aina zake. Kuna zilizojazwa mchanga, kuna zenye mchanga kidogo, na kuna zile zisizo na mchanga kabisa ambazo lazima zilowanishwe kwa maji kabla ya mechi na tena wakati wa mapumziko. Aina hii ya tatu ndiyo ambayo mashindano makubwa yamechezewa kwa miaka mingi. Ikiwa imelowa, mpira unateleza kama sabuni kwenye vigae, haupandi, haupungui mwendo. Ikiwa kavu, mpira unashikwa na nyuzi, unaruka kidogo, na mchezaji akianguka anachunika ngozi ya goti. Tuliyofanyia mazoezi ilikuwa kavu karibu wakati wote. Nairobi ni jiji ambalo maji ya mfereji huja kwa zamu mitaani. Nani angekuja kumwaga maelfu ya lita uwanjani ili vijana ishirini wafanye mazoezi ya Jumanne?

Kwenye uwanja mkavu, penalti kona ni jambo la polepole. Mpira unasukumwa, unarukaruka njiani, anayeutuliza anahitaji kuugusa mara mbili, mrushaji anasogea kuutafuta. Mimi nilikuwa nafika. Mwili wangu ulijifunza kwamba nikitoka kwa mwendo fulani nitamkuta mrushaji akiwa bado anaandaa miguu yake. Makocha walinisifu. Niliitwa kwenye timu ya taifa kwa sababu hiyo hasa.

Sasa nenda kwenye mashindano. Kabla ya siku ya kwanza kuna kikao cha mameneja wa timu na msimamizi wa ufundi. Pasipoti zinakaguliwa, orodha ya wachezaji 18 inatiwa sahihi, kila timu inaonyesha jezi zake mbili, moja ya rangi iliyokoza na nyingine ya rangi nyepesi. Magongo yanapimwa: yanapitishwa kwenye pete ya milimita 51, yanaangaliwa mpindo wake usizidi milimita 25. Nimeona mchezaji wa nchi moja jirani akinyang'anywa gongo lake pekee kwa sababu ya mpindo, na mpinzani wake akamwazima jingine. Mambo kama hayo yapo sana ngazi ya chini, na ni mazuri. Kisha kila timu inapewa nafasi yake ya kuuzoea uwanja.

Nakumbuka nafasi hiyo ya kuuzoea uwanja katika mji mmoja wa kusini. Jua lilikuwa linatua, mabomba yalikuwa yamemaliza kunyunyizia, na uwanja uling'aa. Tulipanga penalti kona yetu ya ulinzi. Wenzetu wa akiba wakawa washambuliaji. Mpira ukasukumwa, nikatoka mbio. Sikuwa nimefika nusu ya njia nilipousikia ukigonga ubao nyuma yangu. Tukarudia. Hivyo hivyo. Mrushaji wetu wa akiba, kijana ambaye nyumbani nilikuwa namzima kila siku, alikuwa anafunga bila kuhangaika. Uwanja ulikuwa umemfanya awe mtu mwingine, kwa kuwa mpira ulimfikia umetulia na haraka. Kipa wetu, afisa wa polisi mwenye maneno machache, alivua helmeti akaja kusimama karibu nami.

"Kaka," akaniambia, "hufiki."

"Nakimbia kama siku zote."

"Najua. Ndiyo maana hufiki. Tangu kusukumwa mpaka kurushwa hazipiti sekunde mbili hapa. Nyumbani zilikuwa zinapita."

Hakuna maneno ya hoki niliyowahi kuambiwa yaliyo ya kweli kuliko hayo. Usiku ule hatukulala mapema. Kocha, meneja, kipa na sisi wakimbiaji tulikaa kwenye ukumbi wa chakula wa hosteli tukipanga chumvi na vikombe mezani. Tulibadilisha mguu ninaoanzia. Tulimtoa mlinzi wa mlingoti tukamfanya mkimbiaji wa pili, ili kama mimi sifiki basi angalau mpira urudio upate mtu. Tulikubaliana kwamba kipa atabaki mstarini muda kidogo zaidi badala ya kutoka. Yote hayo ni mambo ambayo timu za juu huyajaribu kwa miezi, kwa kamera na kwa vipimo. Sisi tuliyafanya kati ya chakula cha jioni na asubuhi ya mechi ya kwanza.

Tulicheza vizuri mashindano yale. Nasema hivyo bila kusita. Uwanja wazi tulikuwa sawa na mtu yeyote. Viungo wetu waliwapita watu waliokuwa na majina makubwa. Mabao tuliyofungwa yalikuwa ya kona. Ukikaa na kuzihesabu robo nne za dakika 15 kila moja, utaona timu mbili zinazolingana, kisha utaona sekunde chache zilizotapakaa ndani ya saa hiyo moja, na sekunde hizo ndizo zilizoandika matokeo.

Jambo jingine ambalo mtazamaji wa Olimpiki halioni ni upweke wa marefa wa ngazi yetu. Juu kuna refa wa video. Timu ikitilia shaka uamuzi inaomba picha zirudishwe. Kwetu hakuna. Wapo marefa wawili uwanjani, kila mmoja na nusu yake, na wanachokiona kwa macho ndicho kitakachokuwa. Katika mechi moja mkimbiaji wetu wa pili aliamuliwa kuwa ametoka kabla ya mpira kusukumwa. Adhabu yake ni kupelekwa nyuma ya mstari wa kati bila mtu wa kujaza nafasi, kwa hiyo tukabaki wanne, kipa akiwemo. Bao likaingia. Mwenzetu aliapa kwamba hakutoka mapema, na mimi niliyekuwa kando yake naamini hivyo hadi leo. Lakini nilimwona refa yule baada ya mechi, kijana aliyetoka nchi ambayo haina uwanja wa maji hata mmoja, akiandamana na msimamizi wa marefa aliyekuwa na daftari la alama zake. Yeye naye alikuwa kwenye mtihani wa kupanda ngazi. Macho yake yalikuwa yamezoea kona za polepole kama miguu yangu ilivyozoea. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja.

Wazee wa klabu za Nairobi hawapendi kusikia habari za ngazi ya chini. Wanakumbuka nyakati nyingine, na wana haki. Kenya ilikwenda Olimpiki ya hoki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 huko Melbourne. Tokyo mwaka 1964 ilimaliza ya sita. Mwaka 1971, Kombe la Dunia lilipochezwa kwa mara ya kwanza kabisa mjini Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya nne, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Nne duniani! Timu hiyo ilikuwa ya Masikh, Wagoa na wenzao wengine, watoto wa mafundi wa reli, makarani na walimu, na nahodha wake Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972. Uganda nayo ilipeleka timu ya magongo Munich mwaka 1972, na mwezi ule ule wa Agosti michezo ilipofunguliwa, Idi Amin alikuwa ameshatangaza kuwafukuza Waasia nchini, watu ambao kwa miongo mingi walikuwa ndio uti wa mgongo wa mchezo huo.

Halafu ukaja mwaka 1976. Montreal ndiko hoki ya Olimpiki ilikochezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia. Kenya haikucheza. Pamoja na nchi nyingi za Afrika ilisusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Naunga mkono uamuzi ule kwa moyo wangu wote. Yapo mambo makubwa kuliko medali. Ila gharama yake upande wa magongo itajwe. New Zealand ndiyo iliyotwaa dhahabu ya hoki Montreal. Mwaka 1980 Kenya ilisusia tena, safari hii Moscow, na Tanzania ikaenda, ikiwa miongoni mwa timu sita tu za wanaume. Watu waliozoea viwanja vya nyasi waliingizwa kwenye zulia la kisasa mbele ya India, wakafungwa 18-0, na India ikaendelea hadi dhahabu. Ninapoyasoma matokeo yale sioni aibu ya Mtanzania yeyote. Najua jinsi mpira ulivyowafikia.

Kenya ilirudi Los Angeles mwaka 1984. Ilitwaa ubingwa wa Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi mwaka 1987, mwaka ambao jiji lilipata uwanja wa City Park, kisha ikaenda Seoul 1988. Tangu hapo hatujaiona Olimpiki. Wazee husema tatizo lilianza wakati wachezaji wa zamani walipoondoka kwenda Uingereza na Canada. Hilo lina ukweli wake. Lakini kwa hesabu yangu pigo kubwa ni ile miaka 12 kati ya Munich na Los Angeles, ambapo mchezo wenyewe ulibadilika chini ya miguu ya dunia nzima nasi hatukuwepo. Waliokuwepo walijifunza kukimbia kona kwa muda mpya. Sisi tukaanza kujifunza tukiwa nyuma, na kwa uwanja mmoja.

Tangu mwaka 1993 kila Kombe la Afrika la wanaume limekwenda Afrika Kusini. Nairobi iliandaa la mwaka 2013, tiketi ya Kombe la Dunia la The Hague ikiwa mezani, na Afrika Kusini ikaondoka nayo. Misri ndiyo hufuata karibu kila mara. Ukicheza nao unaiona tofauti kwenye kona kabla hata mpira haujasukumwa: jinsi wanavyosimama, jinsi msukumaji asivyoutazama mpira bali wenzake, jinsi mrushaji anavyopiga hatua zile zile kila mara. Hawana damu tofauti na yetu. Wana saa nyingi zaidi kwenye uwanja uliolowa.

Ngazi yenyewe nayo hailali mahali pamoja. Shirikisho la kimataifa lilikuwa na Ligi ya Dunia yenye raundi, ambapo hata nchi ndogo kabisa iliweza kuanzia Raundi ya Kwanza. Ilichezwa kwa mizunguko mitatu kuanzia 2012, ikafutwa. Ikaja Hockey Series ya 2018 na 2019, ikafutwa baada ya toleo moja. Mwaka 2022 likaanza Kombe la Mataifa, ambalo mshindi wake hupewa nafasi ya kupanda Pro League ya vigogo. Toleo la kwanza lilichezwa Potchefstroom, na Afrika Kusini ikaifunga Ireland 4-3 katika fainali. Haikupanda. Nafasi ikachukuliwa na Ireland. Mwaka 2025 New Zealand iliifunga Pakistan 6-2 katika fainali ya Kuala Lumpur, nayo ikaiachia Pakistan nafasi yake. Kusafiri bara hadi bara msimu mzima kunataka pesa ambazo hata nchi zilizo juu yetu mbali sana hazina. Kwa hiyo mtu asitwambie kwamba ngazi inapandwa kwa magongo tu.

Na pointi pia. Tangu mwaka 2020 orodha ya ubora wa dunia inahesabiwa mechi kwa mechi: ukishinda unachukua pointi kutoka kwa uliyemshinda, na ukimshinda aliye juu yako sana unachukua nyingi. Mfumo huo ni wa haki kwa anayecheza. Nchi inayocheza mashindano mamoja kwa miaka miwili inabaki pale pale ikiwatazama wengine. Ndiyo sababu hayo mashindano ya ngazi ya chini, yanayodharauliwa, ni uhai wetu. Mchezaji anayeomba ruhusa kazini bila malipo, askari anayebadilishana zamu, mwanafunzi anayeahirisha mtihani ili akakae siku nane katika hosteli akiosha jezi yake mwenyewe kwenye sinki, huyo ndiye anayeishikilia nchi yake kwenye orodha hiyo. Posho zikichelewa, na hilo halikuwa jambo geni, bado alfajiri utamkuta kwenye korido akijifunga bendeji kifundoni. Niliishi na watu hao. Sijapata kuona upendo wa mchezo unaozidi huo.

Siku hizi sikimbii tena kona za taifa. Ninawafundisha vijana kuzilinda, Jumamosi mjini na wakati wa likizo huko kwetu Magharibi. Na kuna jambo moja nimelijaribu nao ambalo nataka makocha wenzangu walichukue. Uwanja kamili wa magongo una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Kuulowanisha wote ni anasa ambayo hatuna. Lakini penalti kona inachezwa ndani na pembeni mwa D moja, eneo lisilofika sehemu ya kumi ya uwanja huo. Tunakuja na madumu. Kila kijana analeta lake, tunajaza kwenye tangi la mvua, tunamwaga kwa ndoo na mabeseni kuanzia mstari wa nyuma hadi hatua chache nje ya D, kwenye zulia lile lile kavu la mazoezi. Maji yanakaa muda wa kutosha kwa kona kadhaa za haraka, kisha tunamwaga tena. Haifanani kabisa na uwanja wa mashindano. Lakini mpira unakimbia. Kijana anayetoka mbio anausikia ukigonga ubao akiwa nusu ya njia, anashtuka kama nilivyoshtuka, ila anashtuka akiwa na umri wa miaka 16, nyumbani, akiwa na miaka mbele yake ya kurekebisha.

Mabadiliko ninayoyaona kwao ni ya haraka. Wanaacha kutoka wakiwa wamesimama wima. Wanajifunza kuusoma mkono wa msukumaji badala ya kungoja mpira. Makipa wanaanza kuwaamini. Msichana mmoja anayefanya mazoezi nasi, na ambaye hukimbia kona vizuri kuliko wavulana wengi, sasa anafika kwa mrushaji kwenye uwanja uliolowa mara nyingi kuliko mimi nilivyofika katika mashindano yoyote.

Dunia nayo imeanza kusogea upande wetu. Nyasi zilizotumika Paris mwaka 2024 zilitengenezwa ili zitumie maji kidogo kuliko za zamani, na shirikisho la kimataifa linasema wazi kwamba linataka viwanja visivyohitaji maji kabisa. Siku hiyo ikifika, kijana wa Bungoma na kijana wa Amsterdam watakuwa karibu kuliko walivyowahi kuwa tangu Montreal. Tusingoje ifike ikatukuta hatuna zulia lolote chini ya miguu.

Basi ombi langu ni hili. Vyuo na taasisi zenye nyasi bandia katika Afrika Mashariki, fungueni mageti kwa shule za jirani asubuhi mbili za wiki, hata kama ni nusu uwanja. Serikali za kaunti zinazojenga viwanja, zikichora mpira wa miguu na riadha, zichore na D mbili za magongo. Makocha, msiwafundishe vijana kulinda kona kwenye ukavu halafu mkawalaumu wakifungwa kwenye maji. Tafuteni madumu, lowesheni D moja. Na wewe uliyecheza zamani, ambaye fimbo yako iko nyuma ya kabati, njoo Jumamosi. Tunahitaji watu wa kusukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, tena kwa kasi, mara mia kwa asubuhi moja.